Mistari Ishirini na Sita ya Tope

Shangazi yangu Deodatha hakuwahi kutupa jani. Maganda ya ndizi, mabua ya maharage, nyasi zilizooza za kwenye paa, vyote vilirudi kibanjani, shamba lake la nyumbani, chini ya migomba. Kila mwezi wa sita alipanda rweya, yale malisho ya juu ya Ihembe ambako hakuna anayelima, akakata nyasi, akashuka na mzigo kichwani na kuzitandaza. Mwaka uliofuata akatandaza nyingine juu ya zile za zamani. Ukichimba shimo kibanjani kwake, ukutani uliona mistari, mmoja juu ya mwingine, na yeye aliisoma kweli. "Huu ni mwaka wa ukame," alikuwa akisema, "ona ulivyo mwembamba." Mimi, mwalimu Pastory, mwenye chaki na ramani, niliona udongo tu.

Naandika habari zake kwa sababu kuna jambo lake na langu ambalo mpaka leo linanichanganya. Nikilishika huku linaponyoka kule.

Shangazi aliolewa na Aristides, mtu mpole mwenye kibanja kando ya ziwa dogo tunaloliita Kanyamuhoro, nusu siku kwa miguu kutoka Ihembe. Huko walizaa mtoto wao pekee, Evangelina, na huko surua ikamchukua akiwa na miaka mitatu. Wakamzika nyuma ya nyumba, kama tunavyozikana sisi, ndani ya kibanja chetu wenyewe. Kisha zikaja mvua za mwaka mmoja baada ya uhuru. Ziwa lilipanda polepole, bila kishindo. Lilianza na mitaro, likaingia jikoni, likafunika migomba hadi majani. Kaburi la mtoto nalo likaenda chini.

Wakakimbilia kwa baba yangu, kaka yake shangazi, pale Ihembe. Baba akawapa kona ya kibanja chake. Aristides akaishi miaka kumi na saba kwa shemeji yake, jambo ambalo kwetu watu hulisema kwa sauti ya chini. Alipougua, mwaka ule vita na Amin vilipokwisha, alimshika mkewe mkono akasema, "Maji yakiondoka, nirudishe kwangu, kando ya mtoto." Akafa. Tukamzika palepale konani. Mwanamume kuishi kwa shemeji zake ni aibu inayomezeka. Kuzikwa huko ni aibu isiyomezeka, na shangazi hakuimeza.

Halafu, katikati ya miaka ya themanini, ziwa likaanza kurudi nyuma. Mwaka 1988 shangazi alikuja nyumbani na tope mpaka magotini.

"Mwanangu, nimeyaona mafiga yangu."

Kweli, mawe matatu ya jiko lake yalikuwa yamechomoza kwenye tope, yamekaa kama alivyoyaacha. Kutoka kwenye mafiga alihesabu hatua, akasema kaburi la mtoto ni hapa. Nchi kavu! Miaka ishirini na sita alikuwa akiisubiri, na ilipokuja hakujua la kufanya nayo.

Maana swali lilikuwa moja tu: maji yatarudi? Akimhamisha mumewe na maji yakarudi, atakuwa amemzamisha kwa mikono yake. Asipomhamisha, Aristides atabaki kwa shemeji zake milele. Aliuliza kila mtu. Mwinjilisti akamwambia asali. Mzee mmoja wa Kihanga akaapa kwamba ziwa lile limekuwepo tangu dunia iumbwe. Mwingine, tena ndugu yake tumbo moja, akaapa kwamba babu yao alichunga ng'ombe humo humo katikati. Kila mtu alikuwa na ziwa lake. Shangazi akaacha kula vizuri.

Na mimi? Mimi nilitaka kuoa. Baba alikuwa ameniahidi kiwanja cha nyumba, na kiwanja chenyewe kilikuwa kile kile cha konani. Kaburi lilikuwa limekaa hasa pale ambapo ningeweka sebule. Nalitaja hili mapema ili msije mkasema nimelificha.

Mwezi wa nane wa mwaka huo akaja mtaalamu mmoja kutoka chuo cha Dar es Salaam, mama mnene mcheshi, na mabomba marefu juu ya gari. Alikuja kuchota tope la chini ya ziwa. Watu wakacheka sana: tope liko kila mahali, mtu anasafiri siku tatu kulifuata! Lakini alilipa vibarua, na kicheko kikapungua. Celestin, aliyekuja kutoka Rwanda akiwa mgongoni mwa mama yake na sasa ana mtumbwi na mikono ya chuma, akafunga mitumbwi miwili kwa mbao ikawa jukwaa. Mimi nikawa mkalimani wa Kinyambo.

Walisukuma bomba chini katikati ya ziwa, wakalivuta, wakalipasua kwa urefu ufukweni. Ndani lilikuwamo tope limesimama kama lilivyolala, la juu juu na la chini chini. Mtaalamu akaeleza, nami nikaeleza watu, ingawa nusu ya maneno yalikuwa yananipita. Tope jeusi lenye nyuzinyuzi, akasema, ni la wakati ziwa lilipokuwa bwawa la mafunjo. Jeupe lenye vigamba vya konokono ni la wakati maji yalipopungua mno. Ndani yake mna chavua ya maua na mkaa wa moto wa kale, vitu visivyoonekana kwa macho, na kwa hivyo atajua mvua zilinyeshaje kabla hajazaliwa mtu wa kuzihesabu. Na baada yake watakuja wengine na mabomba yao, akasema, hata baada ya miaka elfu. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Shangazi alikuwa amepiga magoti mbele ya lile bomba. Hakuna aliyekuwa amemwita. Nikamwona kidole chake kinashuka juu ya tope, mstari kwa mstari, midomo inacheza. Ghafla akanyanyuka.

"Ishirini na sita," akaniambia. "Kutoka juu mpaka kwenye mweusi, mistari ishirini na sita. Ndiyo miaka ya maji. Na huu mweusi wenye nyuzi ni nyasi zangu. Ni kibanja."

Nikahesabu mwenyewe. Ishirini na sita.

"Na tazama ulivyo mnene," akaendelea, "kiganja kizima. Unajua nyasi zinavyolala, kiganja kizima ni miaka mingi sana, ni vizazi. Kwa hiyo maji hukaa kidogo na nchi kavu hukaa sana. Muulize kama ndivyo."

Nikamuuliza mtaalamu. Yeye hakucheka, hilo namsifu. Alichuchumaa kando ya shangazi, akamwonyesha kwa mkono katikati ya ziwa, kwamba bomba limetoka kule, na kule hapajawahi kuwa na migomba. Mstari si lazima uwe mwaka, akasema akitikisa kichwa kukataa. Mvua moja kubwa inaweza kuleta mistari mitatu kwa wiki, na kidole kimoja cha tope tulivu kinaweza kuwa miaka mia. Ule mweusi huenda una miaka elfu mbili au tatu, mpaka aupime. Ishirini na sita imetokea tu.

"Na maji yatarudi?" nikamuuliza.

"Yameondoka na kurudi mara nyingi, mwalimu. Hilo tope linasema wazi. Lini, haliniambii. Mwambie mama asijenge kitu asichotaka kukipoteza."

Shangazi alikuwa ananitazama mimi, si yeye. Jua lilikuwa kali, nilikuwa na njaa, na kichwani maneno yalikuwa yamepigana hata sijui lipi lilishinda: hukaa sana, huondoka, hurudi, elfu mbili, ishirini na sita. Ningeanzia wapi kumweleza mtu kitu ambacho mimi mwenyewe sikukielewa? Nikasema kwa Kinyambo:

"Amekubali, shangazi. Ni kama ulivyohesabu."

Hivyo tu. Nilisema uongo? Siku nyingine naona nilisema. Siku nyingine naona nilifupisha, kama tunavyofupisha somo kengele inapokaribia kulia. Na siku nyingine naiona ile sebule.

Shangazi akampa mtaalamu kahawa za kutafuna, zile tunazompa mgeni wa heshima, akaenda zake akiimba.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 1989 tulimhamisha Aristides. Mwinjilisti alisali, Celestin na mimi tukabeba. Tukamlaza kando ya Evangelina, au kando ya pale hatua za shangazi ziliposema yupo. Shangazi akapanda miramura, ile miti yetu ya kuwekea alama mipaka na makaburi, kuzunguka makaburi mawili, akaleta machipukizi ya migomba kutoka Ihembe, akajenga kijumba. Tope la ziwa lilikuwa na mbolea ya kutisha. Mikungu yake ilihitaji watu wawili kuibeba, na watu waliomwita kichaa wakaanza kumwamkia kutoka mbali. Mwezi wa sita ulipofika alipanda rweya na kushuka na nyasi zake. Sikuwahi kumwona amenenepa vile.

Nami nikajenga, nikaoa. Kila nilipokwenda kumsalimia, akiitikia marahaba na kunibebesha ndizi, niliaga upesi. Nikawa naenda mara mojamoja. Baadaye ikawa Krismasi tu.

Mvua za mwisho wa 1997 mnazikumbuka. Redio iliziita El Nino, na sisi tukalitumia jina hilo kwa kila kitu kilichoharibika. Baada ya mwaka mpya Celestin alikuja mbio mpaka shuleni.

"Mwalimu, maji yako kwenye mitaro ya mama Deodatha."

Nilichukua jembe na kukimbia naye. Nusu siku kwa miguu, sikumbuki hatua hata moja. Nilimkuta amekaa mlangoni, vitu vyake vimefungwa kwenye mkeka. Maji yalikuwa yanang'aa kati ya migomba, yanafika mguuni mwa miramura. Nikapita bila hata shikamoo, nikaanza kuchimba kwenye kaburi la Aristides. Nilikuwa nalia, sioni aibu kusema. Kila nilipotoa udongo, maji yaliingia.

"Acha," akasema nyuma yangu.

"Shangazi, yatamfunika!"

"Utampeleka wapi? Kwenye sebule yako?"

Jembe likaniponyoka mkononi. Ilibidi Celestin anitoe kwenye tope.

Nilimchukua shangazi nyumbani kwangu, nikampa chumba cha nyuma. Hakulalamika. Alikaa miezi mitano akitazama mvua, na mimi nilikaa miezi mitano nikitafuta neno la kuanzia. Nilikasirika na kila mtu. Nilimkasirikia mtaalamu kwa kutusomea kitabu ambacho hakina ukurasa wa mwisho, nikawachapa wanafunzi kwa makosa ya kijinga, nikagombana na mke wangu kwa ajili ya chumvi.

Mwezi wa sita, asubuhi, chumba cha nyuma kilikuwa kitupu. Mundu wake haukuwapo. Nilijua mara moja, na hasira ikanipanda: mwanamke wa miaka sitini na moja, hana kibanja hata cha kukalia, anakwenda kukata nyasi za nini? Nilimfuata mpaka Kanyamuhoro. Nilimkuta ufukweni, na Celestin ameshikilia mtumbwi uliojaa vifurushi vya nyasi. Kila kifurushi kilifungwa kwa kamba ya mgomba, na ndani yake jiwe.

"Shangazi, hii ni nini sasa?"

"Natandaza."

"Juu ya maji?"

"Chini ya maji. Jiwe litazipeleka." Alikuwa ametulia kama mtu anayeandaa chakula. "Yule mama alisema watakuja wengine na mabomba, hata baada ya miaka elfu. Wakichimba hapa, nataka waone nyasi za rweya, mstari kwa mstari. Nyasi za rweya hazioti ziwani. Watajua hapa palikuwa na mtu mwenye kwake."

Nikasema moyoni kwamba huu ni wazimu, halafu nikasema ndilo jambo la akili kuliko yote niliyowahi kusikia kuhusu lile tope. Nikaona nisipotoa lile jambo siku hiyo litanioza ndani.

"Shangazi, siku ile ya bomba. Yule mama hakukubali. Alisema maji yatarudi, ila hajui lini. Mimi ndiye niliyekwambia amekubali."

Akachagua kifurushi, akakaza kamba kwa meno.

"Najua. Nilikuwa namwona. Yeye anatikisa kichwa kukataa, na wewe unaniambia amekubali."

"Ulijua? Sasa kwa nini..."

"Wewe ulitaka kiwanja. Mimi nilitaka mume wangu alale kwake, na nilihitaji mtu mmoja tu aniambie ndiyo." Akanitazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Kalala kwake miaka tisa, mwanangu, nami nikilima juu yake. Na bado yuko kwake."

Sikujua kama nimesamehewa, au kama kulikuwa na cha kusamehe, au nani alimdanganya nani. Shangazi akaingia mtumbwini, akakaa, akainyoosha kanga yake magotini.

"Utabaki hapo? Kuna kifurushi hakijatiwa jiwe," akasema. "Tafuta zito."

Nikainama, nikaanza kutafuta.