Dume la Chupa

Shambani pale walimwita Kufuli, na hakuna aliyemwonea. Mtu gani hufunga lango, akaenda hatua kumi, akarudi kulitikisa, akaenda ishirini, akarudi tena? Mkewe alikuwa akisema kwamba siku ya kiyama mumewe atachelewa kufika, maana atakuwa amerudi kuangalia kama kaburi lake limefungwa.

Kazi yake ilikuwa kutunza madume ya kulungu. Sehemu kubwa ya mwaka ni kazi ya starehe, maana dume la kulungu hula, hulala na kukimbia akisikia mtu anakohoa. Kisha msimu wa kupandana huingia. Shingo huvimba, chakula hakimpiti kooni, hujikojolea tumboni hadi harufu ifike barabarani, hukwaruza nguzo na kunguruma kutwa. Chochote kisimamacho mbele yake ni adui. Kufuli alikuwa na taratibu zake. Pembe zikishakauka alizikata kwa msumeno, kwa kuwa pembe kavu haina maumivu, ni kama ukucha. Kila dume alikuwa na zizi lake, na nyua zilitundikwa magunia ili wasionane. Hakuna aliyeingia bila ubao wa kujikinga, na mwenzake akimngoja langoni.

"Usimpe mgongo," aliwaambia wageni wa kazi. "Mgongo kampe mkeo akukune."

Na ilikuwapo sheria iliyozipita zote. Ndama dume akilelewa kwa chupa, ahasiwe kabla hajatimiza mwaka. Kulungu aliyenyonya kwa mamake humwogopa mtu, na woga ule ndio unaokulinda wewe. Wa chupa hana woga. Akikua humhesabu mtu kuwa dume mwenzake, na dume mwenzake ni wa kupigana naye. Kufuli aliijua sheria hiyo kuliko wote na alikwisha kuitimiza mara nyingi bila kupepesa macho.

Sasa nisikilize mimi ninayesimulia, maana hapa ndipo watu hupenda kumlaumu upesi.

Mwaka ule mkewe alikuwa ametoka hospitali akiwa amekatwa titi moja. Alikaa jikoni siku nne akitazama ukuta, haongei, hali. Siku ya tano kulungu jike akafa akizaa, na Kufuli akamleta ndama nyumbani ndani ya koti lake, akamweka karibu na jiko apate joto. Hakuwa na nia nyingine. Mkewe akageuka, akamtazama yule kiumbe akitetemeka, akasema, "Hebu mlete hapa. Unamshika kama gunia la mkaa."

Akamlea. Alimwita "baba", kama mama amwitavyo mwanawe wa kiume anapomdekeza. Tatizo ni kwamba ndivyo alivyomwita mumewe pia, tangu binti yao azaliwe. Basi akisimama mlangoni na kuita, "Baba, njoo ule!" walikuja wawili, mmoja kwa miguu miwili na mwingine kwa minne, na wa minne ndiye aliyefika kwanza. Mama alicheka huku ameshika kidonda. Kufuli aliposikia kicheko kile alijifunza jambo moja: akiitwa, asimame kwanza kidogo, ampishe mwenzake atangulie.

Mwezi wa kumhasi ulipofika, alikichemsha kisu. Mkewe akakiona.

"Mwache," alisema. "Mimi nimekatwa. Kwa nyumba moja inatosha."

Kufuli akakifuta kisu na kukirudisha kabatini. Msimamizi wa shamba alipopata habari alitikisa kichwa. "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, mzee wangu."

"Nitamfunga vizuri," Kufuli alijibu. "Kwani mimi naitwa nani?"

Na kweli alimjengea zizi zuri nyuma ya nyumba, lenye komeo la chuma. Lakini mkono wa mkewe, upande ule wa kidonda, haukuwa na nguvu tena. Mama alilivuta komeo hadi machozi yakamtoka, na dume lake liko ng'ambo linamlilia chupa. Kufuli akaling'oa komeo, akaweka kitanzi cha kamba ambacho hata mtoto angekifungua. Huyo ndiye Kufuli, mtu wa kutikisa lango mara tatu.

Mwaka uliofuata ugonjwa ukarudi, na safari hii haukutaka mjadala. Mama akafa asubuhi moja, kamba ikiwa imefungwa kwa fundo lake la kizembe. Kufuli hakuligusa. Akitaka kuingia aliruka ua, mzee mzima, ili asilifungue fundo lile. Komeo lilibaki kwenye ndoo ya misumari. Kila siku alijiambia atalirudisha kesho, na kesho yake iliendelea kwa miaka mitatu.

Misimu miwili ilipita salama. Wa tatu, shingo ya dume lile ilivimba kuliko madume wote. Kufuli alimkata pembe, lakini visiki vyake tu vilikuwa vinene kama mpini wa jembe. Hata hivyo aliendelea kuingia zizini mwake na bakuli la nafaka, bila ubao, bila mwenzake langoni. Eti huyu hana neno na mimi.

Adhuhuri moja binti yake, ambaye naye alikuwa mfanyakazi wa shamba, alipita nje ya zizi lile na mzigo wa majani. Ukamdondoka, akainama kuuokota. Dume lilipiga lango mara moja na kamba ikakatika. Kufuli alifika mbio na ubao akamkuta mwanawe amebanwa ukutani, analia bila sauti. Akalipiga dume usoni, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Likarudi nyuma, likamtazama, bila woga hata chembe.

Binti alivunjika mfupa wa paja na mbavu tatu.

"Nilimpa mgongo, baba," binti alisema kitandani hospitali. "Nilijisahau. Nilimwona kama mdogo wangu."

"Mimi ndiye niliyejisahau, mama," Kufuli alisema, na akalia mbele ya wagonjwa wote wa chumba kile.

Aliporudi alimkuta daktari wa mifugo na msimamizi wakimngoja. Akauliza kama haiwezekani kumhasi sasa. Daktari alimjibu kwa upole kwamba tabia ikishakaa haitoki kwa kisu. Kumuuza? "Huyu ukimuuzia mwenzako, umemuuzia jeneza," alisema msimamizi. Kufuli aliyajua yote mawili kabla ya kuuliza.

Ikabaki bunduki. Lakini dume, ambalo wafanyakazi walikuwa wamelirudisha zizini kwa mbao zao, lilikuwa likizunguka mwisho wa zizi, halitulii, na daktari hakutaka kujeruhi. Alihitaji mnyama asimame karibu, uso kwa uso. "Nani anaweza kumleta?" aliuliza. Wote wakamgeukia Kufuli.

Kufuli alisimama kwenye ua wa zizi na bakuli tupu. Dume wa msimu hali kitu, na bakuli si lolote kwake. Akaita, "Baba, njoo ule."

Dume likasimama. Masikio yakageukia mlango wa jikoni, si kwake. Kisha likaja mbio kidogo, kichwa juu, mbio za ndama, likafika uani na kutulia. Daktari alikuwa mtu hodari, risasi moja ilitosha.

Wiki kadhaa baadaye binti alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani, anatembea kwa magongo, anapika kwa kuegemea meza. Kufuli alikuwa nyuma ya nyumba na bisibisi, analifunga komeo la chuma kwenye lango la zizi tupu. Alilikaza, akalitikisa, akalitikisa tena.

"Baba!" binti aliita kutoka jikoni. "Njoo ule!"

Kufuli akaweka bisibisi chini, akafuta mikono. Kisha akasimama palepale kidogo, ampishe mwenzake atangulie.