Mkate Kifudifudi

Mwoka mikate wa soko la mji wa Osh ana mvi kichwa kizima, lakini kengele ya shule ng'ambo ya barabara ikilia, mkono wake bado hukimbilia kukinga tumbo. Hula amesimama, mgongo ukutani, kama atapokonywa tonge. Na ole wako uweke mkate wake kifudifudi: "Ugeuze, mwanangu! Hata adui hapewi hivyo."

Juzi bwana mmoja alianza kucheka tangu mlangoni. "We Kikojozi! Si tulisoma wote? Nipe wa moto!"

Mwoka mikate akauchagua wa moto kabisa, akambwagia kifudifudi mbele ya foleni nzima.

"Ah, ndugu yangu, si utani wa utotoni tu!"

Utani, eti. Bwana alipoondoka mikono mitupu, mwoka mikate aliugeuza ule mkate, akaubusu, akauomba radhi. Kisha akaenda nyuma ya tanuri, akatapika.