Sauti Iliyokuwa Chini ya Makofi

Juzi nilikuwa Garsen, kwenye duka la binti anayetengeneza video za harusi, nikisubiri picha zangu za pasipoti. Wakaingia wanaume wawili walionuniana, mkulima na mfugaji. Mkulima alikuwa amerekodi kwa simu video ya baraza lililoamua lini ng'ombe wapite shambani kwake kwenda mtoni. Alidai mwenyekiti alisema wapite baada ya mavuno. Mfugaji akashikilia kwamba alisema wapite sasa. Makofi makubwa yalikuwa yakidakia maneno, na sauti ya mwenyekiti ilikuwa ndogo.

"Dada, ongeza sauti," akasema mkulima.

"Nikiongeza yote, makofi nayo yatapanda," binti akamjibu. "Nitaikata vipande. Penye makofi napunguza, penye maneno napandisha."

Akafanya hivyo kwenye kompyuta yake, nasi tukainama kusikiliza. Mwenyekiti akasikika vizuri: "Ng'ombe watapita mavuno yakiisha."

Mkulima akapiga meza kwa kiganja. "Si nilikwambia?"

Mara ikafuata sauti ya karibu zaidi, ya mshika simu mwenyewe, akimnong'oneza mtu wa pembeni: "Mimi mbona nimeshavuna?"

Mfugaji akamgeukia mkulima. Mkulima akakuna shingo, akatazama mlangoni, kisha akasema, "Haya, walete kesho. Lakini uwapitishe ukingoni, kuna migomba yangu."

"Sawa, ndugu yangu. Nitawapitisha mwenyewe."

Wakatoka pamoja. Tangu hapo mtu akiniambia ana ushahidi wa video, namuuliza kwanza kama ameusikiliza hadi mwisho.