Kijiti cha Bwana Samaki

Mimi si mpole, na bora hilo lijulikane mapema. Kwa hiyo nikisema kuna mwanamume mmoja hapa Morogoro ambaye kwa muda mrefu nilitamani kumvunjia kijiti chake mgongoni, msishangae. Alikuwa bwana samaki wa bwawa la Mindu. Serikali ilimweka pale aangalie leseni za wavuvi na kuwapimia perege wao. Kijiti chake kilikuwa na mstari mwekundu. Unamlaza samaki juu yake, mdomo mwanzoni. Mkia usipougusa mstari, samaki anarudi majini. Hata kama umekaa juani tangu asubuhi. Hata kama ndiye pekee uliyempata.

Hakuna mtu aliyerudishiwa samaki wengi majini kama baba yangu.

Baba alianza kuvua baada ya kiwanda kupunguza watu. Zilikuwa enzi za ruksa. Ruksa kuleta redio kutoka nje, ruksa kuuza mitumba, ruksa kutoboa ukuta wa sebule ukafungua duka. Kiwanda nacho kikaona ni ruksa kumwambia baba asirudi tena kazini. Basi akakata ufito, akafunga mshipi na ndoano, akaenda Mindu. Na kwa akili yake, kama kila kitu kimekuwa ruksa, perege mdogo awe marufuku kwa kosa gani?

Siku ya kwanza bwana samaki aliangalia leseni, akairidhia. Kisha akatoa kijiti.

"Huyu hajafikia kipimo, mzee. Arudishwe."

"Wewe kabila gani?" baba akamuuliza, keshapandisha hasira.

"Mnyamwezi. Wa Tabora."

Baba alirudi nyumbani mikono mitupu, anacheka peke yake. Sisi Waluguru na Wanyamwezi ni watani. Mtani anaweza kukusema atakavyo, akakuvua kofia, akaingia jikoni kwako akafunua sufuria, na ukinuna wewe ndiye mwenye kasoro. Sasa serikali imemletea baba mtani, tena mwenye kijiti na mamlaka. Alifurahi kama aliyeitwa tena kiwandani.

Tangu hapo bwawani hakukuwa na utulivu. Bwana samaki akimwona tu, anaanza: "Huyo Mluguru kashuka! Kwenu huko milimani mtu akidondosha chungwa, linaokotwa mjini." Baba naye: "Nyamaza, mpagazi! Babu zako walibeba mizigo ya watu mpaka pwani, wewe umeshindwa kubeba hata huruma." Wavuvi wengine wanaacha ndoano zao wanasikiliza. Mwisho wa yote kijiti kinatoka, samaki anapimwa, samaki anarudishwa. Katika utani wote ule, yule bwana hakumsamehe baba hata mkia mmoja.

Nyumbani sisi tunakula mchicha. Mama ameshawasha moto, ameshakatakata vitunguu, mumewe anaingia na habari za chungwa. "Leo kaniweza yule mbwa," anasema, na anacheka mpaka anakohoa. Mimi nilikuwa nimerudi kwa wazazi baada ya ndoa yangu kuvunjika, na uvumilivu wangu wote niliuacha huko kwa mume. Nikamwambia, "Baba, huyo mtu anakunyima kitoweo, wewe unamshangilia!" Akaniambia mimi sijui raha.

Kile kikohozi hakikuwa cha kucheka. Kilimlaza. Alikonda, akakataa uji, akakataa ndizi, akakataa hata kuku wa kienyeji ambaye mama alimchinja akilia. Akasema anataka supu ya perege wa Mindu, na asiwe wa kununua sokoni, awe wa kuvuliwa kwa ufito wake. Wagonjwa nao wana vituko! Lakini alikuwa baba yangu, na ndicho kitu pekee alichokitaka. Nikachukua ufito na leseni yake nikaenda.

Sikuwahi kushika ndoano maishani. Nilijichoma kidole, nikanasa khanga yangu mwenyewe mara mbili, wavuvi wakacheka hadi wakakaa chini. Jua linaelekea kushuka, nikampata mmoja. Wallahi niliruka! Nikageuka, nani amesimama nyuma yangu?

Kwanza akaniambia leseni ni ya mzee, si yangu, ila hilo hataliona leo. Nikajua kumbe ana utu. Kisha akatoa kijiti. Mkia ulipungukiwa na upana wa kucha.

"Mzee anaumwa," nikamwambia. "Hali chochote. Huyu ndiye chakula chake."

Akampima tena. "Dada, nikimwachia huyu, kesho kila mtu hapa ana mgonjwa." Akainama, akamrudisha majini taratibu kama anamlaza mtoto.

Nilimtukana mbele ya watu. Sitayaandika hapa niliyosema, mama yangu bado yu hai. Nilimaliza kwa kuapa kwamba sitampa salamu mpaka naingia kaburini.

Siku yake ya mapumziko akaja nyumbani. Mlangoni sikuitikia hodi yake, akakaribishwa na mama. Alikuwa ameshinda bwawani na ufito wa kuazima, amevua tangu alfajiri, hakupata kitu. Bwana samaki mzima! Basi amepitia sokoni, amekuja na dagaa wa Kigoma kwenye gazeti.

Baba, ambaye kwa siku kadhaa hakuwa ameinua kichwa, akaketi. "Leta kijiti," akasema.

"Mtani, hawa ni dagaa..."

"Leta kijiti!"

Akakipokea, akamlaza dagaa mmoja juu yake. Akausogelea ule mstari mwekundu, akaangalia, akatingisha kichwa. "Hajafikia." Akachukua mwingine. "Hajafikia. Na huyu je? Mtoto mchanga! Mama, waite polisi, kuna mwizi wa vichanga humu ndani!" Bwana samaki akapiga magoti katikati ya chumba akaomba msamaha wa serikali, mama anajifuta machozi kwa kucheka, na mimi, niliyekuwa nimenuna pale mlangoni, nikashindwa. Baba alikula dagaa wale wote na ugali. Ndicho chakula cha mwisho nilichomwona akila kwa hamu.

Alifariki wiki ileile.

Msibani watani wana kazi yao ya kufanya mzaha hata juu ya maiti, na kwetu hakuna anayewazuia. Wanaume walipoliinua jeneza kulitoa uani, bwana samaki alikuwa amesimama mlangoni, amenyoosha mikono, hapiti mtu.

"Mnampeleka wapi Mluguru wangu? Amekaguliwa?"

Wakaliteremsha. Akatoa kijiti mfukoni, akapiga goti, akakilaza ubavuni mwa jeneza, akasogeza, akapima tena, akainuka amekunja uso kama siku zote.

"Huyu hajafikia kipimo!" akapaza sauti. "Arudishwe!"

Mama ndiye aliyeanza kucheka, kwa sauti kubwa, khanga imemtoka kichwani. Wakafuata wengine, ua mzima, watu waliolia tangu asubuhi. Nami nilicheka. Halafu nikasikia mtu anapiga kelele, nikagundua ni mimi.

"Mrudishe basi! Wewe si ndiye sheria? Umewarudisha wote, mrudishe na huyu!"

Kicheko kikakatika. Bwana samaki akanigeukia, akafungua mdomo. Nilijua anatafuta neno la utani, maana mtani hatakiwi kukosa neno. Midomo ilicheza tu. Akakitazama kile kijiti mkononi, machozi yakamdondoka.

"Dada," akasema, "ningekuwa na uwezo huo..."

Hakumaliza. Jeneza lilipoinuliwa tena, akaingiza bega lake chini yake pamoja na wenzake, wakatoka naye.