Bi Baridi na Grisi Yake

Kwa miaka ishirini na sita Bi Baridi alihudumia jokofu la maabara yetu, pipa refu lililojaa heliamu, gesi iliyopozwa hadi ikawa maji, baridi kiasi kwamba barafu kwake ni uji wa moto. Mimi ni mtunza stoo, na fizikia yote niijuayo alinifundisha yeye huku akitafuna karanga.

"Metali nyingine ukizipoza sana," aliniambia, "umeme unapita bila kikwazo. Hapo hapo zinaingiwa na tamaa ya joto: ukitaka zipande nyuzi kidogo tu, lazima uzipe jingi, ghafla. Ukizidi kupoza, tamaa inakwisha. Tone tu linazishibisha."

Kuipima tamaa hiyo ni kazi ya kichokozi. Kipande cha metali, mfano wa punje ya mahindi, hubandikwa kwenye kipimajoto kwa grisi kidogo. Grisi nayo hula joto, kwa hiyo sharti ipimwe uzito na fungu lake litolewe kwenye hesabu. Bi Baridi aliwakemea wenye shahada zao waliopaka grisi kama mafuta ya mwili.

Basi Daktari wetu, wa shahada si wa sindano, mwenye tai ndefu kuliko subira yake, akapata maajabu. Metali yake iliendelea kula joto hata kwenye baridi kali kabisa! Akawa anatembea koridoni kifua mbele. Makala ilikuwa itumwe Ijumaa, na mkataba mpya wa Bi Baridi ulikuwa mezani kwake ukisubiri saini.

Jumatano Bi Baridi akaja stoo, uso umemshuka. "Mwenzangu, siku ile ya kipimo cha Daktari sikupima grisi. Nilikuwa na haraka, nikaandika uzito ule ule wa kila siku."

"Nyamaza," nikamwambia. "Saini kwanza, toba baadaye." Naona aibu kuyaandika haya, lakini ndivyo nilivyosema.

Akasonya, akapanda ngazi. Nikamfuata, umbea ni ugonjwa.

"Daktari, lile joto si la metali yako. Ni la grisi iliyozidi. Uzito niliouandika daftarini ni wa uongo."

Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka. Akauliza nani mwingine anajua. Mimi nikainama kufunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa ndala.

Wakarudia kipimo, grisi ikapimwa. Mchoro wa matokeo ukaruka pale unapopaswa kuruka, kisha ukateremka hadi karibu na sifuri. Maajabu yakayeyuka.

Mkataba hakuusaini. Eti uaminifu umeingia doa. Mtu aliyeokolewa kutoka kwenye aibu ya dunia nzima! Nilikasirika hadi chakula kikanishinda. Bi Baridi alikunja koti lake la kazi, akanikabidhi mizani ya grisi. "Usimwazime asiyenawa mikono," akasema, akaondoka.

Mwezi uliofuata mchoro sahihi ukabandikwa koridoni, chini yake majina matano: la Daktari, ya wanafunzi watatu, na la mheshimiwa mmoja ambaye hajawahi hata kuvaa glavu. Nikasubiri watu waende kula, nikaandika la sita. Nimeliweka juu ya la Daktari, kwa wino usiofutika.