Taya la Kijibwa cha Marehemu

Daktari wa wanyama wa mtaa ule, mwanamke wa makamo, walimwita Koleo, na jina halikumkera. Miaka ishirini na sita ya meno ya mbwa ilimwachia vidole tisa na ulimi usio na breki. Sharti lake lilikuwa moja: mbwa haguswi kinywa akiwa macho. Apigwe nusukaputi, alale fofofo, asafishwe mpaka chini ya fizi.

Asubuhi hiyo muuza nyama wa kona aliingia na kijibwa kizee cha marehemu mama yake. Ndicho pekee mama alichomwachia. Kinywa kilinuka usaha, ukoga umeganda kwenye meno kama masizi ya sufuria.

“Msafishe akiwa macho,” akasema. “Mama alilazwa usingizi hospitali, hakuamka. Huyu simpotezi.”

Koleo hakumung'unya maneno. “Usingizi una hatari yake, sikufichi. Ndiyo maana nitampima moyo na damu kwanza. Lakini usaha umeshakula mfupa. Taya la mbwa mdogo ni jembamba, akijitupa huku nimemshika litavunjika.”

Jamaa akamkaba koo, akambamiza kwenye kabati hadi chupa zikapasuka sakafuni. “Nimesema macho. Kichwa nitashika mwenyewe. Wanyama nimeshika tangu utotoni.”

Hapo ndipo Koleo alipokosea, na alikosea kwa hasira tu. Akachukua chuma cha kukwangulia. “Haya, shika, ujionee.”

Chuma kilipogusa fizi, kijibwa kilijirusha. Muuza nyama akakibana kwa mkono ule ule unaoangusha mbuzi. Kukasikika ka! Taya likaning'inia, damu ikawarukia wote wawili.

Jamaa akamtandika Koleo ngumi, jino likatoka. Koleo akamrudishia kwa sinia la vyuma, paji likachanika.

“Mfupa lazima ufungwe waya,” Koleo akasema, akitema damu. “Akiwa macho haiwezekani. Sema.”

Muuza nyama alikuwa analia waziwazi. “Mlaze, dada yangu. Mlaze.”

Moyo na damu vikapimwa, sindano ikaingia. Saa mbili zikapita jamaa akiwa amepiga magoti kando ya meza, damu ya paji ikimkaukia usoni.

Kijibwa kikaamka.

Jamaa akanyoosha mkono huku anacheka na kulia. Kijibwa kikaunusa, kikatetemeka, kikajikojolea, kikajikokota hadi kwenye aproni ya Koleo. Koleo akakifunika kwa pindo la aproni.

Jamaa akakiita tena, taratibu, kwa jina la utani alilotumia mama yake. Kijibwa kikazidi kutetemeka.