Mlango wa Chumba Namba Tatu

Mtaani walimwita Mama Kura Moja, na jina lenyewe hakulitafuta. Alikuwa fundi cherehani, tena fundi kwelikweli, sare zake za shule hazichaniki makwapani hata mtoto awe mtundu namna gani. Lakini ukitaka kuelekezwa kwake, huambiwi uulizie fundi. Unaambiwa, "Ulizia kwa Mama Kura Moja," na hata watoto waliozaliwa juzi wanalitaja jina hilo bila kujua kisa chake.

Kisa ni hiki. Miaka thelathini nyuma, jimbo lao lilipokatwa kutoka jimbo kubwa la mjini, aligombea ubunge. Ndiyo, yeye na cherehani yake! Soko halikuwa na choo, alisema mpaka akachoka kusema, akaenda kuchukua fomu. Wagombea walikuwa sita. Jimbo zima alipata kura mia mbili na ushee, si haba kwa mtu aliyefanya kampeni kwa miguu. Ila kwenye kituo chake mwenyewe, chumba namba tatu cha shule ya msingi, walipopigia yeye na mumewe, alipata kura moja. Moja! Na aliyeipiga anamjua, maana aliipiga mwenyewe.

Mumewe ni seremala, mtu wa maneno machache. Siku ile alikula kiapo. "Nimekupigia, mama watoto. Haki ya Mungu nimekupigia."

"Basi imeota mabawa?"

"Wameiiba."

Nani aibe kura moja, jamani? Hawakuachana, hapana. Walilea watoto wanne, wakajenga, wakazeeka pamoja. Lakini swali lile waliishi nalo chumba kimoja, na kila walipokosana, hata kwa ajili ya chumvi, mama alimalizia, "Si wewe uliyeninyima kura?" Ilimuuma, na hakuona haya kusema kwamba inamuuma.

Mwingine angeichukia siasa. Yeye alishikwa na udadisi. Alinunua daftari la jalada gumu, na kila uchaguzi akawa anazunguka vituoni kunakili matokeo yaliyobandikwa milangoni. Muulize lolote. Daktari aliyeshinda mara ya kwanza, atakutajia. Mwenye mabasi aliyemng'oa, atakwambia kwa kura ngapi. Mwenye mabasi alipofariki ukaja uchaguzi mdogo, na mwalimu mstaafu akakosa kiti kwa kura moja, wakahesabu mara tatu, ikabaki ile ile moja. Kisha ukaja mwaka wa kugawa jimbo, mpaka mpya ukapita barabarani, soko likaangukia ng'ambo, ikawa muuza nyanya ana mbunge wake na mnunuzi ana wake. Hata watu wa magazeti walikuja kumuuliza. Mstari mmoja tu ulibaki mtupu daftarini: uchaguzi wa kwanza, chumba namba tatu. Mwaka ule hakwenda kuutazama mlango, aibu ilimzidi, na mkono ulikataa kuandika ile moja.

Sasa mwaka huu mwalimu mkuu akamwita seremala. Mlango wa chumba namba tatu haufungiki. Sheria iliagiza matokeo yabandikwe mlangoni, wala hakuna aliyeagizwa kuyabandua. Basi kila uchaguzi walibandika mapya juu ya yale ya zamani, kwa gundi ya unga wa ngano, mpaka mlango ukanenepa.

Mama aliposikia, aliacha suruali ya mtu haijapindwa. "Twende wote," akasema.

"Kufanya nini?"

"Kusoma."

Asubuhi hiyo seremala aling'oa mlango bawabani, akaulaza juu ya madawati mawili barazani. Mbao za chini zilikuwa zimeoza. Akatoa penseli sikioni, akazipiga alama ya X moja moja, ubao mmoja mzima akauacha bila alama. Mama akaomba birika la maji ya moto jikoni kwa walimu, akalowesha kitambaa, akaanza kubandua karatasi kwa patasi nyembamba, taratibu kama anayefumua mshono.

Fomu ya juu ilikuwa ya uchaguzi uliopita, wagombea kumi na wanne. Matokeo aliyajua. Kilichomshika jicho ni sehemu ya chini, ambayo hakuwahi kuinakili, ambapo msimamizi wa kituo hueleza kura zilizoharibika. Akasoma kwa sauti: "Kura moja. Mpiga kura ametia alama ya X kwa wagombea kumi na watatu, akaacha mmoja wazi." Akacheka mpaka akashika mbavu. "Kumi na watatu! Huyu alikuja kupiga kura au kusuka kikapu?"

Mwalimu mkuu, aliyesimama kando akitazama, naye akacheka. Seremala hakucheka, alikuwa akinoa randa.

Akabandua ya pili, ile ya mwaka wa kugawa jimbo. Ebo! "Kura moja, alama ya X kwa wote isipokuwa mmoja." Akavaa miwani sawasawa. "Mwalimu, hebu njoo uone. Ni mtu yule yule! Yuko hapa hapa mtaani, miaka yote anaharibu, na mimi simjui?"

"Mama watoto," seremala akasema, "zilizobaki zitachanika. Tuache."

"Thubutu."

"Nasema inatosha."

Kumbe anaogopa, akawaza mama. Anajua chini kuna nini. Miaka thelathini ya viapo, na leo mlango unamuumbua. Akamwaga maji zaidi, akabandua zilizofuata hadi ya uchaguzi mdogo, na kote mtu wa X yumo. Akabandua ya mwenye mabasi, yumo. Mwalimu mkuu akamshikia kitambaa.

Ya mwisho ilikuwa ya manjano, imeshikana na mbao. Daktari, mia tatu na tisa. Mstari wa nne, fundi cherehani, moja. Akashuka chini kwenye maelezo, mwandiko wa kalamu ya wino.

"Kura moja imeharibika. Mpiga kura ametia X kwa wagombea watano. Mstari wa nne ameuacha wazi."

Akausoma tena kimoyomoyo. Kisha macho yake yakahama kwenye karatasi, yakateremka hadi mbao zilizooza, na zile X za penseli, na ubao mmoja mzima usio na alama. Akainua kichwa.

Seremala alikuwa ameshika randa kifuani kwa mikono miwili. "Mimi nikitia X," akasema polepole, "kitu hicho sikitaki. Ninachokitaka sikichafui."

"Hukuuliza kura inapigwaje?"

"Niulize nini? Nilidhani najua."

Halafu mama akakumbuka kitu, akashika kichwa. "Na mwalimu mstaafu? Yule aliyekosa kwa kura moja?"

"Nilimpigia," akasema seremala. "Kwa moyo wangu wote."

Lo! Mama alicheka, akacheka, halafu kicheko kikageuka kilio, na hakukificha. Alimwendea mumewe, akampangusa vumbi la mbao begani, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa muda mrefu. "Nisamehe, baba watoto," akasema. "Nimekusema miaka yote."

Kisha akatoa daftari mkobani, akafungua ukurasa wa kwanza, akaomba ile penseli ya sikioni. Kwenye mstari mtupu aliandika: kura moja, na moja imeharibika.

"Sasa hesabu imetimia," akasema mwalimu mkuu, akichungulia. "Ila hii iliyoharibika, mama, kwa kawaida haina mwenyewe."

"Hii ina mwenyewe," akasema mama. "Ni yangu."